Kutoka na Mtoto Mchanga: Kampala, Entebbe na Njia ya Jinja

Arobaini ikisha kutoka, jamaa wakala wali wakarudi makwao, na mama mkwe aliyekuja kutoka Mombasa au Bukoba akafunga mizigo yake, nyumba hubaki na mzazi aliyechoka kutazama kuta zile zile na mume ambaye, kila amwonapo mkewe dirishani akizihesabu bodaboda zinavyopita, hujiuliza kama ni jambo la busara kumtoa nje kichanga wa miezi miwili au mitatu kwa ajili ya tafrija tu. Jawabu langu ni kwamba ni jambo la busara, na kwa afya ya nyumba ni karibu na wajibu, maadamu wazazi wamekubali tangu mwanzo kwamba mwenye safari si baba aliyelipia petroli wala mama aliyetamani kuliona ziwa, bali ni yule aliyelala ndani ya mbeleko, ambaye hajui mto Nile ni nini na wala hana haja ya kujua.

Kwa hiyo safari ya namna hii isipimwe kwa kilomita; ipimwe kwa usingizi. Mtoto wa miezi michache hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, na baina ya kunyonya na kunyonya hulala, na mwendo wa gari, ukiwa ni wa kwenda na si wa kusimama-simama, humzidishia usingizi huo. Mahali panapofikika ndani ya usingizi mmoja ndipo pa kwendea. Panapohitaji usingizi wa pili pana haja ya kituo katikati. Na panapohitaji wa tatu pangoje mpaka mtoto ajue kukaa kitako na kula uji. Entebbe iko kama kilomita 40 kutoka katikati ya Kampala, na kwa barabara mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 mtu aliyetoka mapema aweza kufika kabla mtoto hajafumbua macho, ilhali yule aliyetoka Ijumaa jioni kwa njia ya zamani, kupitia Zana na Kajjansi, atakwenda muda maradufu au zaidi, akisikiliza kilio na honi kwa pamoja. Tangu mwaka 2022 barabara ile mpya ina ada, shilingi 5,000 kwa gari dogo, na sijui fedha nyingine ya kiasi hicho mjini Kampala inayonunua utulivu mwingi hivyo.

Saa ya kutoka ina uzito kuliko mahali pa kwendea. Tokeni baada ya alfajiri, mtoto akiwa amekwisha kunyonya na kubadilishwa winda, saa kumi na mbili na nusu au saa moja, tena ikiwezekana iwe Jumamosi, wakati magari ya shule hayajaimiliki barabara. Mtaikuta njia wazi, jua la upole, na wanyama wa Entebbe wakiwa macho badala ya kujinyoosha vivulini. Nanyi mkate shauri kwamba, hata mambo yawe matamu namna gani, alasiri itawakuta nyumbani au karibu na nyumbani, kwa sababu katika miezi ya mvua, yaani tangu Machi mpaka Mei na tena tangu Septemba mpaka Novemba, mawingu ya ziwani hukusanyika baada ya adhuhuri na kumwaga mvua ya radi ambayo kwa muda wa nusu saa yaweza kuyajaza maji maeneo ya mabondeni kama Bwaise na kuifunga njia mliyotegemea kurudia. Miezi mingine ina nafuu, japo si amani kamili, kwani ziwa hili lina mvua zake lenyewe zisizosoma kalenda. Siku moja katika mwaka iacheni kabisa: tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, ambapo mahujaji humiminika Namugongo kutoka pande zote za nchi na hata Kenya na Tanzania, na njia za upande ule zikawa za waendao kwa miguu. Kwenda kuhiji na kichanga ni jambo la imani, sina la kusema. Lakini kwenda kutembea tu siku ile ni kutafuta mashaka.

Juu ya chombo cha kusafiria, wenye gari lao wafunge kiti cha mtoto kwenye kiti cha nyuma, mtoto akiwa ameelekea nyuma, wala wasidanganyike na fikira kwamba mikono ya mama yatosha, kwa kuwa gari likigonga hakuna mikono iwezayo kuzuia. Wasio na gari wakodi ile iitwayo spesho, wapatane na dereva bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla mlango haujafungwa, na wamwambie waziwazi kwamba wanalipia polepole. Kile ambacho Kampala huitwa teksi ndicho matatu ya Nairobi na daladala ya Dar es Salaam. Ikibidi kukipanda, pandeni kituo cha mwanzo, shikeni kiti cha nyuma ya dereva karibu na dirisha, na mlipie nafasi ya pili kwa ajili ya mkoba, maana kondakta hana uadui na mtoto wenu, ila ana uadui mkubwa na nafasi tupu. Bodaboda hasha. Hakuna kofia ya kinga itoshayo kichwa cha kichanga, na mtoto aliyebanwa kati ya dereva na mama hana hata hewa.

Wageni kutoka Ulaya huja na kigari cha magurudumu, nacho huwa mzigo kuliko mtoto mwenyewe, kwa sababu mji uliojengwa juu ya vilima, wenye mitaro mipana na njia za miguu zilizokwisha kugeuzwa maegesho ya bodaboda, haukuumbwa kwa magurudumu madogo. Mbeleko haina mshindani. Ongezeni leso tatu za pamba: moja ya kutandika, moja ya kujifunika mama anyonyeshapo akiona haya (ingawa Kampala mama hunyonyesha popote na hakuna ageuzaye shingo), na ya tatu ya kukaa kavu ndani ya mfuko ikingojea yale yasiyoepukika. Nepi hesabuni za siku nzima, kisha ongezeni nusu yake. Chukueni na mfuko wa kurudishia takataka, kwa maana mapipa ni adimu, na chupa ya maji safi na kipande cha sabuni, kwa maana mabomba ya vyoo vya bustanini yana siku zake. Meza ya kubadilishia mtoto msiitarajie nje ya maduka makubwa ya kisasa. Kiti cha nyuma cha gari, mlango ukiwa wazi upande wa kivulini, ndicho chumba chenu. Mtoto anyonyaye hahitaji maji kabla ya kutimiza miezi sita, hata jua liwe kali vipi, bali hunyonyeshwa mara nyingi zaidi. Anyweshwaye maziwa ya kopo achukuliwe maji ya moto ndani ya themosi na unga mkavu mbali, vichanganywe pale pale anapotaka, na masalio yamwagwe, kwa sababu chupa iliyokorogwa nyumbani saa moja asubuhi ni sumu ifikapo saa tano.

Tuje sasa kwenye mahali penyewe, na tuanze na pa karibu, ambapo wengi huparuka kwa haraka ya kufika mbali. Juu ya kilima cha Kikaaya, kwenye njia ya Gayaza, limesimama hekalu la Wabahai lililowekwa wakfu Januari 1961, la kwanza la dini hiyo katika Afrika, lenye kuba la kijani na milango tisa, nalo limezungukwa na uwanja mpana wa nyasi na miti ambamo mtu yeyote, wa dini yoyote, huruhusiwa kuingia bila malipo akikaa kwa adabu. Hakuna muziki wa vipaza sauti, hakuna wachuuzi, hakuna moshi wa nyama. Kwa matembezi ya kwanza baada ya arobaini sijui mahali Kampala papitapo hapa: mama hutandika leso chini ya mti, mtoto hutazama majani yanavyotikisika, ambayo kwa umri wake ni tamasha tosha, na baba hupata, pengine kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, wasaa wa kutonena lolote.

Siku ya mawingu nendeni Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia jengo lake la sasa kwenye kilima cha Kitante mwaka 1954, jengo lililosanifiwa na Mjerumani Ernst May, ambaye aliishi Afrika Mashariki karibu miaka 20. Vyumba vyake vina baridi ya kupendeza na nafasi ya kutosha mama mwenye mbeleko kupita bila kusukumana, na ukumbi wake wa ala za muziki, ngoma, vinanda vya nyuzi na marimba, ndio unaomfaa mtoto kuliko mifupa na mawe ya kale. Nyuma ya jengo, penye majani, kuna nyumba za kienyeji zilizojengwa kwa mitindo ya makabila ya nchi. Hapo ndipo pa kunyonyeshea. Kituo cha Ndere, maarufu kwa ngoma zake za jioni, chafaa zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea. Mdogo kuliko huyo hulemewa na sauti za ngoma kubwa, na mchezo hukawia kwisha kuliko saa yake ya kulala.

Lakini pa kutumia siku nzima, na hata pa kulala usiku mmoja, ni Entebbe. Mji huu ulikuwa makao ya serikali ya kikoloni mpaka uhuru wa mwaka 1962, na watawala wale, kwa manufaa yao wenyewe, walijipandia miti mingi, wakachora njia pana na kuiachia pwani ya ziwa bustani. Nasi leo twafaidi kivuli chao. Bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 huteremka kwa mteremko wa taratibu mpaka majini, na ndani yake mtu huona mbega wakiruka matawini, hondohondo wakipiga kelele, na miti ambayo watu watatu hawawezi kuizungushia mikono. Kabla ya kutandika, tazameni chini. Siafu hupita bustanini humo kwa msafara mwembamba, mweusi mwekundu, wenye askari wa vichwa vikubwa kandokando, na mtu asiyezoea hudhani ni ufa wa udongo mpaka aguse. Basi zungukeni mti mzima, tazameni pande zote, kisha ndipo mtandike, na kila baada ya muda mrudie kutazama, kwani msafara huhama. Na tumbili, msiwaonyeshe ndizi. Tumbili wa Entebbe amekwisha kusoma tabia za wanadamu: hungoja mama ainamishe kichwa kumfuta mtoto, akateremka kwa mkono mmoja, akachukua kikapu kilichofunguliwa, na akapanda kumenya juu kabisa mbele ya macho yenu bila hata kuharakisha. Mtoto hamgusi, ila mtoto mwenye ndizi mkononi aweza kukwaruzwa katika kunyang'anywa, basi chakula kiliwe garini au mezani.

Jirani na bustani hiyo kuna kituo cha elimu ya uhifadhi wa wanyamapori, UWEC, ambacho wenyeji wangali wakikiita zuu, kilichoanzishwa mwaka 1952 kuwa makimbilio ya wanyama yatima na majeruhi na kupata sura yake ya sasa mwaka 1994. Njia zake ni pana na zina vivuli, na sokwe hukaa kwenye kisiwa chao kidogo kilichozungukwa na maji, kwa hiyo familia yenye kichanga haina haja ya kupanda mashua kwenda kisiwa cha Ngamba, makao ya sokwe yatima tangu mwaka 1998, ambako safari ya majini ni ya mawimbi na mafua ya mtoto ni hatari kwa sokwe wenyewe, ambao huambukizwa maradhi yetu ya kifua kwa wepesi. Mtoto wa miezi sita, kwa yakini, hatamwona simba. Atamwona korongo nyangumi mwenye domo pana akisimama bila kutikisika, atamwona mtoto mwenzake mgongoni mwa mama mwingine, naye atafurahi vile vile.

Ziwa litazamwe tu. Kwenye maji ya kina kifupi, penye majani na konokono, hukaa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache. Kumchovya mtoto miguu kwa ajili ya picha ni kumnunulia ugonjwa. Ziko pia siku ambazo sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, huinuka kutoka majini kama moshi wa nyika inayoungua na kuja nchi kavu. Hawaumi, lakini huingia puani na mdomoni, na mtoto hukereka. Mkiwaona wanakuja, ingieni ndani mfunge madirisha, wapite.

Njia ya Jinja ni nzuri kwa mtoto aliyetimiza miezi minne au mitano. Ni kama kilomita 80, na mtokapo mapema mtapita Kireka, Seeta na Mukono kabla malori ya Mombasa hayajaamka. Kwa wapendao nyama ya kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, Namawojjolo ndiyo kituo cha desturi, nami nawashauri kituo hicho kifanywe wakati wa kurudi au baba ashuke peke yake, kwa sababu gari likisimama tu wachuuzi huja mbio, mikono ikapenya kila dirisha na mishikaki yenye moshi, vifurushi vya ndizi na chupa za maji baridi, kila mmoja akitangaza bidhaa yake sikioni mwa kichanga aliyekuwa amelala fofofo. Mbele kidogo ni msitu wa Mabira, ambao hupoza hewa ghafla. Hapo ndipo mtu aweza kuegesha mahali pa usalama, akamnyonyesha mtoto na kunyoosha miguu. Jinja yenyewe, ng'ambo ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, ni mji wa mitaa mipana na nyumba za kale za Wahindi, unaotembelewa kwa miguu bila taabu. Chanzo cha Nile, ambapo mpelelezi Mwingereza Speke alifika Julai 1862, chaonekana vyema kutoka bustani ya ukingoni. Mashua ziacheni, isipokuwa mtu awaoneshe jaketi la kuokolea la kipimo cha kichanga, na sidhani ataonesha.

Ikweta ya Kayabwe, kwenye njia ya Masaka, yatosha kwa picha moja na kikombe cha chai, na yale majaribio ya maji yanayozunguka kulia upande huu na kushoto upande ule ni kiini macho cha mwenye beseni. Visiwa vya Ssese ni vizuri mno, walakini si vya mtoto mchanga: meli ya MV Kalangala kwa kawaida huondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kufika Lutoboka kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, hurudi asubuhi ya kesho yake, na katikati ya nyakati hizo, mtoto akishikwa na homa usiku, hakuna hospitali ya rufaa visiwani wala njia ya haraka ya kutoka.

Na hapo ndipo penye kanuni ya kulala nje: lala pale tu ambapo hospitali iko karibu. Entebbe ina hospitali yake ya rufaa, na Jinja ina yake, pamoja na wodi ya watoto ya Nalufenya. Kabla ya kulipia chumba ulizeni kama kuna chandarua kisichotoboka kinachofika chini ya godoro, kama maji ya moto yapatikana usiku, na kama ukumbi wa muziki u mbali, kwa maana hoteli nyingi za ziwani huwa kimya Jumatatu na huwa disko Jumamosi. Chukueni na chandarua chenu kidogo cha mtoto, cha kukunjwa. Malaria ya pwani ya ziwa si mzaha. Chanjo yake iliyoanza kutolewa Uganda mwaka 2025 ni rehema, lakini haiondoi haja ya chandarua, na dawa za kujipaka zenye DEET hazifai kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili. Kadi ya chanjo isafiri pamoja na mtoto. Na kwa kuwa chanjo ya surua hutolewa akitimiza miezi tisa, kabla ya hapo epukeni mikusanyiko mikubwa ya watu waliobanana. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akichemka kufikia nyuzi 38, msingoje kupambazuke wala msimpe dawa ya kubahatisha: hospitali saa ile ile. Mkubwa kuliko huyo apimwe malaria siku ile ile.

Neno moja kwa akina baba. Mama aliyepelekwa Entebbe akashinda kutwa akibadilisha nepi, akiosha chupa na kumbembeleza mtoto huku mume akila samaki wa kukaanga na kujipiga picha, hakutoka, amehamishwa jiko. Funga mbeleko wewe, tembea na mtoto mpaka majini na kurudi, umwache mama akae kitini, hata kama ni kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha mpange hivi: Kikaaya asubuhi moja mwezi huu, Entebbe mwezi ujao, Jinja akifika miezi mitano, na Ssese akijua kutembea.